Punda Ameanguka Barabarani: Ufanye Nini Kabla Daktari wa Mifugo Hajafika

Ukitoka Tabora mjini kwenda Urambo, au ukishika lami ya Nzega kuelekea Igunga, huendi mbali kabla hujapishana na mkokoteni. Punda wawili na madumu ya maji, maksai na tela la tumbaku, mkaa, kuni, magunia ya mahindi. Nyumba nyingi za mkoa huu zinakula kwa migongo ya wanyama hawa. Nao huanguka. Wanagongwa na magari usiku kwa sababu mkokoteni hauna hata kipande cha kiakisi mwanga, wanatumbukia kwenye makorongo mvua zikianza, wanavunjika miguu kwenye mashimo, wengine wanadondoka kwa uchovu na kiu mwezi wa Oktoba.

Watu hukusanyika mara moja. Wengi wao wana huruma ya kweli, ila kila mmoja anaanza pale anapopajua yeye: huyu anavuta mkia, yule anamwagia maji puani, mwingine ameshika fimbo anasema "mnyanyueni tu, amejilaza". Nusu saa inapita hivyo, na mnyama anaumizwa mara ya pili na watu wanaotaka kumwokoa.

Maelezo haya ni kwa ajili yako mpita njia: bodaboda, mama anayerudi sokoni, mwanafunzi, dereva. Hayatakufanya daktari. Yatakusaidia kumpunguzia mnyama mateso, kuhakikisha hakuna mtu anayeumia, na kumfikisha haraka mtu mwenye ujuzi na mamlaka ya kutibu au kuamua.

Usisubiri alie

Punda akiumia hupiga kelele kidogo sana, mara nyingi hapigi kabisa. Anaweza kuwa amevunjika mfupa na bado akasimama kimya, kichwa kimeinama, ukadhani amechoka tu. Ndiyo maana watu wengi humpiga ili aendelee. Mtazame vizuri. Masikio yamelala nyuma au yanaanguka pembeni? Misuli ya mapaja inatetemeka? Anasaga meno, pua zimetanuka, anatokwa jasho wakati amesimama? Kuna mguu anaougusisha chini kwa ncha ya kwato tu? Yote hayo ni maumivu. Ng'ombe naye hukoroma chini chini, hukunja mgongo na kusaga meno. Mnyama anayekataa kusogea baada ya ajali mchukulie kuwa ameumia mpaka ithibitike vinginevyo. Neno "jeuri" liache nyumbani.

Hatua ya 1: Funga barabara kwanza

Mnyama aliyelala kwenye lami atagongwa tena, na safari hii atagongwa pamoja na wewe. Kata matawi uyapange pande zote mbili, kuanzia mbali, hatua mia au zaidi kama ni barabara kuu, ili dereva wa basi apate nafasi ya kufunga breki. Usiku weka mtu mwenye tochi kila upande, naye asimame pembeni ya barabara, siyo katikati. Gari lililopo liwashe taa za hatari. Kama kuna mtu aliyejeruhiwa, huyo ndiye wa kwanza kuhudumiwa. Polisi wanapatikana kwa 112.

Kisha punguza umati. Hili lina faida kubwa kuliko dawa yoyote utakayoipata pale. Chagua watu watatu au wanne watulivu, wengine waombe warudi nyuma na wakae upande mmoja ambao mnyama anawaona. Watoto waondoke. Mbwa wafukuzwe. Honi zinyamaze, na kama kuna muziki kwenye kibanda jirani, omba wapunguze sauti.

Hatua ya 2: Ongea na kijana wa mkokoteni kabla hujamgusa mnyama

Mara nyingi anayeendesha mkokoteni siye mwenye punda. Ni kijana wa miaka kumi na tano au ishirini aliyeajiriwa kwa malipo ya siku, naye anaogopa: akirudi kwa tajiri bila punda atamwambia nini? Ukianza kwa kumfokea, atakimbia, na mtu pekee anayemjua mnyama huyo atakuwa ameondoka. Mpe pole kwanza. "Pole sana mdogo wangu. Wewe umeumia? Huyu punda anaitwaje? Nani mwenyewe, tumpigie simu?" Punda anaisikia sauti anayoifahamu, kijana huyohuyo ndiye wa kumshika kichwa.

Kama mwenyewe ni mzee, salamu itangulie. "Shikamoo mzee. Tuko hapa karibu na kituo cha basi, punda wako amegongwa, yuko hai lakini ameumia mguu. Tunaomba ruhusa yako tumwite mtaalamu wa mifugo." Sentensi hiyo fupi huzuia ugomvi mwingi, kwa kuwa mwenye mali amearifiwa kwa heshima na amepewa nafasi ya kusema ndiyo. Mzee aliyedharauliwa kwenye simu atafika na hasira, na hasira hiyo itamwangukia mnyama au kijana.

Hatua ya 3: Mfungue mzigo, lakini kwa mpangilio

Mnyama aliyeanguka akiwa bado amefungwa kwenye mkokoteni anabanwa shingo na kifua, wakati mwingine hapumui vizuri. Hata hivyo usikimbilie kukata kamba ovyo. Mkokoteni wa magurudumu mawili ukifunguliwa vibaya huinuka mbele au hushuka kwa kishindo juu ya mgongo wa mnyama. Fuata mpangilio huu:

1. Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu.
2. Mtu mmoja amshike punda kichwa, amzibe macho kwa khanga au shati. Gizani anatulia.
3. Shusha mzigo ukiwa umeegemeza mkokoteni kwa gogo au kwa mabega ya watu wawili. Kumbuka pipa la maji la lita 200 ni kilo 200 kabla hujahesabu chuma na mbao.
4. Legeza kwanza kamba ya shingoni, halafu ya kifuani, mwisho mikanda ya tumboni. Kwa maksai, toa nira upande wa mnyama aliye mzima kwanza na umsogeze, kisha umtoe aliyeanguka. Kamba isiyofunguka ikatwe. Kamba hununuliwa nyingine.
5. Vuta mkokoteni uondoke pale, usivute mnyama atoke kwenye mkokoteni.

Punda mwenzake usimpeleke mbali. Punda wanaofanya kazi pamoja huzoeana mno, na aliyeumia akitenganishwa na mwenzake huhangaika, hujaribu kunyanyuka na mguu uliovunjika, na baadaye hukataa kula. Mfunge yule mzima chini ya mti, mahali wanapoonana.

Hatua ya 4: Msogelee bila kupigwa teke

Nenda kwa upande wa bega, ukiongea polepole. Usipite nyuma yake. Kama amelala ubavu, piga goti upande wa mgongo, siyo upande wa miguu, kwa sababu punda aliyelala bado anaweza kukuvunja taya. Mtu mmoja aweke kitu laini chini ya kichwa, gunia au koti, amshike kwa upole asibamize jicho la chini kwenye kokoto.

Punda na ng'ombe wana tofauti hapa, na tofauti hiyo huua. Punda anaweza kulala ubavu kwa muda bila madhara ya haraka. Ng'ombe hawezi. Maksai akilala ubavu kabisa, gesi ya tumboni hushindwa kutoka, tumbo la kushoto huvimba kama ngoma, na anaweza kufa kwa kukosa hewa au kwa chakula kurudi na kuingia mapafuni, hata kama jeraha lenyewe lilikuwa dogo. Mgeuze alalie kifua, miguu ya mbele imekunjwa, na umkingie pande zote mbili kwa magunia ya mchanga, ya mahindi, au marobota ya nyasi ili asianguke tena. Kama unadhani mguu wa nyuma umevunjika, upande huo usiubane chini yake.

Usimnyonge mkia. Usimwashie moto, usimtie pilipili machoni wala kumziba pua ili "ashtuke". Mambo hayo yote nimeyaona yakifanywa na watu wema waliokata tamaa, na hakuna hata moja linalounga mfupa. Mnyama asiyeweza kusimama ana sababu.

Hatua ya 5: Damu

Damu inayochuruzika kidogo hukoma yenyewe. Inayotoka kwa nguvu, nyekundu ya kung'aa, ikirukaruka kufuata mapigo ya moyo, inahitaji mikono yako sasa hivi. Kunja kitambaa safi, bandika juu ya jeraha, kandamiza kwa kiganja dakika 10 bila kufunua kuchungulia. Damu ikipenya, ongeza kitambaa kingine juu, cha kwanza usikitoe. Kisha funga kwa khanga iliyochanwa vipande virefu. Kamba ya kubana mguu mzima ili damu isipite usiitumie. Ikisahaulika saa moja au mbili, mguu wote unakufa.

Msumari, kipande cha chuma au mti uliozama kifuani au tumboni uache palepale, uuzungushie vitambaa usitikisike. Utumbo ukiwa nje, ufunike kwa shuka lililoloweshwa maji safi yenye chumvi, na usiurudishe ndani.

Fungua mdomo wa juu uone fizi. Zinatakiwa kuwa za waridi. Bonyeza kwa kidole mpaka pawe peupe, achia: rangi inatakiwa kurudi ndani ya sekunde 2. Fizi nyeupe au za kijivu, na rangi inayochelewa kurudi, ina maana amepoteza damu nyingi au mwili umeanza kuzimika. Jambo hilo mwambie daktari kwenye simu, litamfanya aharakishe.

Ila angalizo: kama mnyama anadondosha mate, anang'ata vitu ovyo, ana wazimu, na hakuna aliyeona ajali, usimtie mkono mdomoni. Kichaa cha mbwa humpata punda na ng'ombe pia. Aliyeng'atwa au kurushiwa mate kwenye kidonda aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na aende hospitali siku hiyo hiyo.

Hatua ya 6: Mguu uliovunjika

Ukiona mguu umepinda mahali pasipo na kiungo, unaning'inia, au mfupa umetokeza, umevunjika. Usimtembeze hata hatua moja. Mfupa uliovunjika ndani ya ngozi ukitembezwa hutoboa ngozi, na mara udongo ukiingia, tumaini dogo lililokuwepo linatoweka.

Kama umevunjika chini ya goti la mbele, au chini ya kifundo kikubwa cha mguu wa nyuma, unaweza kuufunga gango la muda. Zungushia pamba nyingi kwanza. Nzega na Igunga pamba haikosekani, la sivyo tumia godoro la sponji au matambara. Kisha weka mbao mbili nyembamba au mianzi iliyopasuliwa, moja nyuma na moja ubavuni, zikivuka kiungo cha juu na cha chini ya mvunjiko. Funga kwa kubana sawasawa kote. Kama umevunjika juu zaidi, kwenye paja au mkono wa juu, usifunge chochote: uzito wa gango utauning'iniza mguu na kuuchana ndani. Mwache alale, mtulize.

Sitaki kukupa matumaini ya uongo. Punda mzima aliyevunjika mfupa wa paja kwa kawaida haponi katika mazingira yetu. Mvunjiko wa chini, uliofungwa mapema, ngozi ikiwa nzima, kwa punda mwepesi, daktari mzoefu anaweza kuufunga plasta na ukapona. Lakini uamuzi huo ni wake.

Hatua ya 7: Simu kwa mtaalamu, na maneno ya kusema

Anza na afisa mifugo wa kata. Humjui? Mpigie mwenyekiti wa mtaa au mtendaji wa kijiji, yeye ana namba yake. Muuzaji wa duka la dawa za mifugo naye huwafahamu wataalamu wote wa eneo lake, na usiku wa manane huenda akawa ndiye pekee anayepokea. Afisa mifugo akishindwa, ombeni daktari wa mifugo wa halmashauri. Kama ni ajali ya gari, trafiki aitwe hata ikiwa dereva amekubali kulipa, maana makubaliano ya barabarani hayana shahidi ikifika asubuhi.

Usiseme tu "njoo kuna punda anakufa". Sema hivi:

"Habari za kazi daktari. Niko Kiloleni, barabara kuu, karibu na msikiti. Kuna punda jike mzima, amegongwa na lori kama dakika 20 zilizopita. Amelala ubavu, hasimami. Mguu wa nyuma wa kulia umepinda chini ya kifundo, ngozi haijapasuka. Damu imekoma. Fizi ni nyeupe kidogo, anapumua mara 40 kwa dakika. Mwenyewe yuko njiani. Tafadhali njoo na dawa ya maumivu."

Kuhesabu pumzi ni rahisi: tazama ubavu unavyopanda na kushuka kwa sekunde 30, zidisha kwa mbili. Punda aliyetulia hupumua mara 12 hadi 28 kwa dakika. Joto lake ni nyuzi 36.2 hadi 37.8, chini kidogo ya ng'ombe ambaye hukaa kati ya 38 na 39, kwa hiyo anayemzoea ng'ombe tu anaweza kumpima punda mwenye homa akadhani yuko sawa.

Na lile la dawa ya maumivu lisisitize. Wataalamu wengi wa vijijini hubeba oksitetrasaiklini, ile OTC inayofahamika kwa kila mfugaji, pamoja na penisilini. Dawa hizo hupambana na vijidudu, haziondoi uchungu. Ziko dawa za uchungu kama fluniksini na fenilbutazoni, na mwili wa punda huzimaliza haraka kuliko wa farasi, ndiyo maana daktari huenda akazirudia mara kwa mara zaidi. Kama hana, changeni mtu aende dukani kwa bodaboda kuzifuata kwa maelekezo yake. Vidonge vya binadamu vilivyo kwenye pochi yako usimpe.

Piga picha mbili tatu za jeraha na moja ya mnyama mzima, mtumie daktari kwa simu. Sura ya kijana isionekane. Kumwanika mtandaoni mtoto wa watu aliyepata ajali hakumponyi punda, na kunawafundisha wenzake kukimbia siku nyingine.

Wakati mnasubiri

Kivuli. Kama hakuna mti, nyoosheni turubai au khanga nne. Punda aliyeanguka kwa joto mwagieni maji shingoni, kifuani na katikati ya mapaja, mpepeeni, mrudie tena. Maji ya kunywa yawekeni kwenye beseni chini ya mdomo wake, anywe mwenyewe. Mnyama aliyelala asinyweshwe kwa chupa, maji yataingia mapafuni. Usiku wa baridi wa Juni na Julai mfunike kwa blanketi au magunia, kwa sababu aliyepoteza damu hupoa haraka.

Kidonda kilichochafuka kioshe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita. Mwaga kwa wingi, usisugue. Jicho lililopigwa fimbo lioshe vivyo hivyo, mkinge na jua, na usitie mafuta ya macho ya mtu yeyote: baadhi yana dawa inayozidisha kidonda cha mboni.

Sasa kuhusu yale ambayo watu hupaka. Mafuta machafu ya injini, mafuta ya taa, majivu, maji ya betri, samadi: vyote huunguza nyama au huingiza uchafu. Tumbaku, ambayo kwetu iko kila nyumba kuanzia Urambo hadi Sikonge, ni mbaya zaidi, kwa sababu sumu yake hupita kwenye kidonda na kuingia kwenye damu. Kuna pia wanaopulizia dawa ya kuogeshea ng'ombe ili kufukuza nzi. Dawa za kupe zenye amitrazi zinaweza kusimamisha utumbo wa punda kabisa. Ng'ombe anavumilia, punda hapana. Mabuu yakionekana, yatoe kwa kibano na maji ya chumvi.

Asali ni habari nyingine. Asali ya Tabora safi, isiyochemshwa na sukari, inasaidia kweli kwenye vidonda vya juu juu, kama vile vya nira na vya mikanda, ikipakwa juu ya kidonda kilichooshwa na kufunikwa kwa kitambaa ili nyuki na nzi wasikisonge. Tundu refu la msumari usilijaze asali. Hilo ni la daktari.

Kumsafirisha

Ni vizuri mtaalamu aje kwa mnyama. Ikibidi kumtoa barabarani, mlaze juu ya turubai nene au mlango wa mbao, watu sita mkamate kingo na kumburuza taratibu, kichwa kikitangulia. Kumvuta kwa mguu, mkia au kamba ya shingoni ni kumvunja upya. Guta linaweza kumbeba punda, kirikuu pia, mradi pawe na nyasi nene chini na mtu wa kumshika kichwa. Mwenzake naye apande au afuate nyuma.

Inapobidi kumpumzisha

Kuna majeraha ambayo huruma iliyobaki ni moja tu, daktari kumuua bila mateso: mgongo uliovunjika na miguu ya nyuma imekufa, mfupa wa juu uliotokeza nje, utumbo uliochanika. Mnyama wa namna hiyo asiachwe kando ya barabara "afe mwenyewe". Kufa mwenyewe kunaweza kuchukua siku mbili, huku kunguru wakimchokoa macho akiwa hai. Nalisema bila kupunguza makali, kwa sababu hutokea, na watu hupita.

Anayeamua ni daktari wa mifugo pamoja na mwenye mnyama. Wewe msaidie mwenyewe kufikia uamuzi. Keti naye pembeni. Mwambie ulichokiona na alichosema daktari. Huyo punda alikuwa ndiye ada ya shule na maji ya nyumbani, mzee ana haki ya kulia. Usimharakishe kwa maneno makali, lakini pia usimruhusu aondoke bila jibu, maana kila saa anayoahirisha yeye, mnyama ndiye anayeilipa. Daktari akimaliza, atahakikisha moyo umesimama na jicho haliitiki likiguswa.

Hapa hujitokeza wenye visu. Kwa punda, jibu ni hapana: Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uchinjaji wa punda mwaka 2022, baada ya biashara ya ngozi, iliyokuwa na machinjio Dodoma na Shinyanga, kuanza kuwamaliza. Februari 2024 Umoja wa Afrika nao ukazuia kuchinja punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Kwa maksai, mwenyewe anaweza kuamua achinjwe, lakini mkaguzi wa nyama lazima awepo, na lazima aambiwe kama mnyama amechomwa sindano yoyote. Nyama yenye dawa hailiwi mpaka muda ulioandikwa kwenye chupa upite, na mnyama aliyevunjika hana muda huo.

Kama alianguka ghafla bila kugongwa, akafa, na damu nyeusi isiyoganda inatoka puani na njia ya haja, msimpasue. Huenda ni kimeta, ambacho huua watu. Mtendaji aarifiwe, watu wakae mbali. Wakala ya Maabara ya Veterinari ina kituo chake hapa Tabora, na mtaalamu ndiye atakayepeleka sampuli.

Mzoga uzikwe shimo la mita 2, mbali na kisima na bwawa. Aliyechomwa dawa ya kumlaza moja kwa moja asiliwe hata na mbwa.

Ukiona ni ukatili, siyo ajali

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumpiga mnyama kikatili, kumbebesha kupita uwezo wake, na kumfanyisha kazi akiwa mgonjwa au amejeruhiwa. Huhitaji kupigana na mtu. Andika siku, saa, mahali na ulichokiona, piga picha ya kidonda na mzigo, kisha mpelekee afisa mifugo na mtendaji wa kata. Kama mnaweza, nendeni wawili, kwa sababu malalamiko ya mtu mmoja husahaulika mezani. Wazee wa sungusungu katika vijiji vingi vyetu husikilizwa kuliko karatasi. Mzee akiambiwa na wenzake kwamba punda wake ana kidonda cha wiki tatu chini ya mkanda, mara nyingi humpumzisha kazi kesho yake.

Siku zinazofuata

Ukiweza, mpigie mwenyewe baada ya siku moja umuulize jambo moja: anakula? Punda asiyekula kwa siku moja au mbili, hasa jike mnene au mwenye mimba, mafuta ya mwilini hujaa kwenye damu na kumuua, hata kama kidonda kinakauka vizuri. Kukataa kula ni sababu ya kumrudisha daktari siku hiyo hiyo. Wakati huo mjaribuni kwa nyasi mbichi na pumba iliyoloweshwa kidogo, mwenzake akiwa karibu.

Pepopunda ni hatari ya pili, na jamii ya punda na farasi huipata kwa urahisi kuliko ng'ombe. Vijidudu vyake viko kwenye udongo na kinyesi, huingia hata kwa tundu dogo la msumari kwenye kwato, na dalili huja wiki moja hadi tatu baadaye: anatembea kama amekauka, masikio yamesimama, mkia umenyanyuka, ngozi ya ndani ya jicho inajitokeza akishtuka, taya halifunguki. Siku ya ajali muulize daktari kuhusu sindano ya kuzuia pepopunda, usingoje dalili.

Kurudi kazini kuwe baada ya ngozi kufunga na manyoya kuanza kuota mahali mkanda unapokaa. Siku hiyo mkokoteni uwe na viakisi viwili nyuma, mikanda mipana iliyozungushiwa kitambaa au mpira laini wa tairi la ndani badala ya kamba ya katani, na mzigo uanze kwa nusu. Kama mzee hana fedha ya viakisi, wapita njia mliochanga siku ya ajali mnaweza kuvinunua kwa chenji iliyobaki dukani.